Herufi za vichwa zinapendeza, za chini ya picha hatuzioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni ambayo sisi wasomaji wa Lamu tumekuwa tukiyazungumza barazani tangu mlipobadilisha sura ya kurasa zenu za mwisho wa juma. Huku kwetu gazeti husafiri kwa gari hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likapokewa gatini, na hadi litakapotufikia huwa limekwisha kukunjwakunjwa na pengine kupata unyevu wa bahari. Lakini nakala moja haikosi kupita mikononi mwa watu saba au wanane kabla ya kugeuka karatasi ya kufungia viazi vya karai. Mimi ni mpiga chapa mwenye duka dogo mtaa wa Langoni. Natengeneza kadi za harusi, mabango ya Maulidi, vitabu vya risiti na matangazo ya hitima, na kwa sababu hiyo wenzangu wamenibebesha kazi ya kuandika, wakiona kuwa mtu anayekula kwa herufi atajua kuzisifu na kuzishtaki. Nitaanza na sifa, kwa kuwa zinastahili.

Fonti mliyoichagua kwa vichwa vya makala ni ya jamii ambayo mpiga chapa huitambua mara moja kwa tofauti kubwa ya unene na wembamba ndani ya herufi moja. Nguzo zake zilizosimama ni nene na nyeusi, mistari inayoziunganisha ni myembamba kama uzi, na serifu, yaani vile vijistari vya kwenye ncha za herufi, zimelala bapa bila kiungo chochote cha kuziegemeza kwenye nguzo. Wiki ile mlipochapa neno LAMU kwa kimo cha kiganja juu ya makala ya mashindano ya mashua, niliukata ukurasa nikaubandika ukutani dukani. L ilisimama kwa nguzo moja nzito, mguu wake wa chini ukanyooka mwembamba hadi kwenye ncha iliyoinuka kama omo ya mashua. A ilikuwa na ubavu wa kushoto mwembamba na wa kulia mnene. M ikaurudia mchezo huo mara mbili, mwembamba kisha mnene, mwembamba kisha mnene. Na U ikamaliza kwa kuugeuza, mnene ukiwa kushoto na mwembamba kulia. Ukilitazama neno zima kwa umbali wa hatua mbili unaona mwanga na kivuli vikipokezana kama katika vichochoro vyetu saa tisa alasiri. Msanifu wenu, awe alikusudia au hakukusudia, aliupa mji wetu heshima yake.

Uzuri huo una nasaba ndefu, na ningependa wasomaji wenzangu waijue kidogo. Katikati ya karne ya 18, John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, ambaye kabla ya kuingia katika uchapaji alikuwa akifundisha hati nzuri na kuchonga maandishi ya mawe ya makaburi, alilazimika kutengeneza wino wake mwenyewe, kurekebisha mashine na kupiga karatasi pasi ya moto, ndipo mistari myembamba aliyoitaka ikakubali kutokea. Walikuwapo waliodai kwamba herufi zake zingewapofusha wasomaji. Mwaka 1760 Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Marekani, alimwandikia Baskerville kumsimulia jinsi alivyomjaribu mmoja wa walalamikaji hao: alimpa karatasi ya mfano wa herufi za William Caslon, ambazo watu walikwisha kuzizoea, akamwacha adhani ni za Baskerville, na bwana yule akaanza kuonyesha kasoro moja moja na kusema macho yanamuuma. Kisa hiki nakileta mapema, Mhariri, ili usije ukadhani kuwa sisi wa Lamu ni ndugu za bwana yule. Hesabu ya malalamiko yetu nitaitoa hapa chini, na unaweza kuipima.

Waliokwenda mbali kuliko Baskerville ni Firmin Didot wa Paris, mzaliwa wa ukoo wa wapiga chapa, aliyechonga herufi zake katika miaka ya 1780, na Giambattista Bodoni, ambaye tangu 1768 aliongoza matbaa, yaani kiwanda cha uchapaji, ya mtawala wa Parma, Italia. Bodoni hunifurahisha kwa sababu ujana wake aliutumia Roma, katika matbaa ya wamishonari wa Kanisa Katoliki, akishughulika na herufi za lugha za Mashariki. Mtu ambaye jina lake leo linanukia manukato na mavazi ya gharama alijifunzia kazi kwenye maandishi ambayo mtoto wa chuo cha Kurani hapa Lamu angeyaona si mageni. Alifariki 1813, na mjane wake, Margherita, ndiye aliyehakikisha kwamba mwaka 1818 kitabu kikuu cha mifano ya herufi za mumewe, chenye majuzuu mawili, kimetoka. Baadaye majarida ya mitindo yalizichukua herufi za jamii hii yakazifanya zao, na jina la jarida la Vogue ndilo mfano ambao hata asiyejua kitu kuhusu fonti ameuona.

Sisi wa mwambao tuna njia yetu ya karibu ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuja skuli za kikoloni, na Siyu, kisiwani Pate, palisifika kwa waandishi wa misahafu. Kalamu ya mwanzi huchongwa ncha bapa, na unene wa mstari hutegemea upande ambao mwandishi ameielekeza ncha hiyo: akivuta kwa upana wake anapata mstari mnene, akivuta kwa ubavu wake anapata mwembamba, wala hana haja ya kubonyeza. Kalamu iliyozaa herufi za Didot na Bodoni ni ya namna nyingine. Ncha yake ni kali na laini, ilikuwa ya unyoya na baadaye ikawa ya chuma, na hupanuka pale mkono unapobonyeza. Ndiyo maana mstari unaoshuka huwa mnene na unaopanda huwa uzi. Herufi mbili zinaweza kuwa na unene na wembamba sawasawa, kumbe zimezaliwa na mikono miwili tofauti.

Lakini wenye khati, pamoja na tofauti hiyo ya kalamu, walikwisha kulitatua zamani tatizo ambalo gazeti lako limejiingiza ndani yake. Thuluthi, mwandiko wa Kiarabu wenye alifu ndefu na mikunjo mipana, huandikwa juu ya mihirabu, kwenye kuta na kwenye vichwa vya sura, mahali ambapo ina nafasi ya kutandaza madaha yake. Matini yenyewe huandikwa kwa naskhi, iliyotulia, isiyojivuna, inayosomeka kwa mwanga wa taa ya mafuta. Hapana khatati mwenye akili timamu ambaye angeichukua thuluthi, akaipunguza hadi kimo cha punje ya mtama, akaandikia maelezo ya pambizoni.

Ninyi mmeipunguza. Maelezo ya chini ya picha, majina ya waandishi, na yale maneno ya dondoo mnayoyaweka katikati ya safu, yote sasa yako katika fonti ile ile ya vichwa vya makala, imeteremshwa tu ukubwa. Nimepima kwa rula yangu ya kazi na maelezo ya picha yako katika pointi 7. Pointi moja ya kompyuta ni sehemu ya 72 ya inchi, kama milimita 0.35. Tuchukue kwamba uzi wa herufi hizi ni sehemu moja kwa 50 ya ukubwa wa fonti, kipimo ambacho hakiko mbali na hali halisi ya jamii hii. Kwenye kichwa cha pointi 72, uzi huo una unene wa nusu milimita, na karatasi yoyote itaubeba. Kwenye pointi 7 una milimita 0.05, wembamba unaoupita hata ule wa unywele wa kichwani. Karatasi ya gazeti ni ya nyuzi zilizolegea, yenye kunywa wino. Ikichapwa kwa mashine iendayo mbio, nguzo nene zinavimba na uzi unakatika. Juu ya hayo yote mmeyachapa maelezo hayo kwa rangi ya kijivu. Kijivu cha gazeti si wino wa kijivu: ni weusi uliovunjwa kuwa vitone ili jicho lidanganyike. Picha huvumilia kuvunjwa vitone, lakini uzi wa milimita 0.05 ukivunjwa, kinachobaki ni kitone hapa na kingine kule.

Mzee mmoja wa baraza letu, nahodha mstaafu ambaye bado anaona boti ikitoka Manda kabla yetu sisi vijana, aliuinua ukurasa hadi karibu na pua, kisha akanigeukia akasema: “Mwanangu, herufi hizi miguu ninaiona, mikono imekwenda wapi?” Walionifundisha kazi hii hawakuwahi kunieleza kwa usahihi zaidi ya huo.

Kiswahili nacho kina sababu yake ya kuumia. Maneno yetu yamejaa m, n, u na i, herufi ambazo karibu mwili wao wote ni nguzo zilizosimama, na kinachoitenga moja na nyingine ni ule upinde mwembamba wa juu au wa chini. Chukua neno muumini, ambalo katika mji wa misikiti kama wetu halikosekani kwenye ukurasa. Hesabu nguzo zake: tatu za m, mbili za u, mbili nyingine za u, tatu za m, moja ya i, mbili za n, moja ya i, jumla 14. Pinde zikipotea, msomaji anabakiwa na boriti 14 zilizopangwa gatini zikisubiri jahazi, na vitone viwili vinavyoelea juu yake. Neno ng’ombe lina msiba wake wa peke yake, kwa sababu kibainishi, ile alama iliyo kati ya g na o, katika fonti hii ni kitone kinene chenye mkia mwembamba. Mkia ukikatika kinabaki kitone kilichoning’inia hewani, na mtoto anayejifunza kusoma anauliza sentensi imeishaje katikati ya ng’ombe.

Nisionekane kama mtu anayenyoosha kidole huku mikono yake ni safi. Miaka michache iliyopita nilichapa kadi 300 za harusi kwa fonti ya jamii hii, kwa wino wa rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu. Majina ya maharusi niliyaweka makubwa, na hadi leo sijaona kadi yangu iliyopendeza kuliko ile. Ratiba niliiweka chini kwa pointi 8. Nilikagua kila kitu kwenye skrini, lakini nilikuwa nimeikuza kazi mara tatu, na hapo ndipo shetani alipokaa. Katika jamii hii ya fonti, tarakimu 4 ina nguzo moja nene iliyosimama. Mstari wake wa mshazari na ule wa kulala yote ni nyuzi. Nyuzi zilipopotelea ndani ya krimu, 4 ikawa 1. Shughuli ya kupamba ilikuwa saa 4 usiku, na wanawake wa nusu ya mji wakaja saa 1, maghribi haijapoa, wakamkuta bibi harusi bado yuko kwa mpambaji na viti havijashushwa kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Nilirudisha nusu ya malipo na kwa mwezi mzima nilikuwa nikipita njia ya nyuma. Tangu siku hiyo sitoi kazi dukani kabla ya kuichapa kwa ukubwa wake halisi, juu ya karatasi yenyewe, na kumpa mtu aliyevuka miaka sitini anisomee.

Wachapaji wa kanga hawakuhitaji kuaibishwa ndipo wajue. Jina la kanga huwekwa kwa herufi kubwa, nzito, zisizo na madaha, kwa kuwa pamba hunywa rangi na kwa kuwa mwenye kulisoma jina hilo mara nyingi analisoma kwa mwanamke anayetembea. Hapana anayelalamika kwamba kanga haina uzuri. Uzuri wake umewekwa kwenye pindo na mji, maneno yameachiwa kusomeka. Mabango ya nje ni vivyo hivyo, wala sina haja ya kukaa sana hapo: nyumba za wageni za Shela zilizoandika majina yao kwa nyuzi nyeupe juu ya mbao zinajua zenyewe jinsi jua na chumvi vilivyowala nusu ya herufi.

Je, nasema jamii hii ni ya vichwa tu? La. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 vitabu vingi vya Ulaya, hata vya hesabu na sheria, vilichapwa kwa herufi za ukoo huu huu, na watu walivisoma kwa mishumaa wakavimaliza. Kilichowezesha hilo ni kwamba katika zama za herufi za risasi kila ukubwa ulichongwa peke yake. Fundi aliyechonga herufi ndogo aliuongezea uzi unene, akapanua matumbo ya herufi na kuziachia nafasi zaidi kati yake. Alipochonga kubwa, ndipo alipouachia uzi uwe uzi. Kompyuta ilipoingia, tukapewa umbo moja la kuvutwa na kubanwa kama mpira kwa ukubwa wowote, na mara nyingi umbo hilo lilitokana na mfano wa herufi kubwa. Wataalamu waliliona kosa hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jonathan Hoefler alilichorea jarida la Harper’s Bazaar fonti ya Didot yenye maumbo saba tofauti, kutoka la pointi 6 hadi la pointi 96, ili uzi ubaki na wembamba unaokaribiana kila mahali unapotumika. Mwaka 1994 ikatoka ITC Bodoni yenye maumbo matatu, la pointi 6, la 12 na la 72, na wachoraji wake walikwenda Parma kuvitazama vitu vya Bodoni mwenyewe. Wala si lazima kulipa: Bodoni Moda hupatikana bure, na ndani yake kuna kipimo kinachonenepesha uzi kadiri ukubwa unavyopungua. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen, iliyotoka 2011 na ambayo nusu ya kadi za Pwani sasa zimeivaa, nayo ni ya bure, lakini mchoraji wake aliitaja kwa jina lake kuwa ni ya maandishi makubwa, na ni sisi wapiga chapa tuliokataa kumsikiliza.

Ninachoomba basi ni kidogo. Vichwa viacheni kama vilivyo. Mkivipunguza au kuvirudisha kwenye zile herufi nzito za zamani, mimi nitakuwa wa kwanza kuandika tena. Maelezo ya picha yapelekeni kwenye umbo la fonti hiyo lililochorwa kwa ukubwa mdogo, na kama leseni mliyonunua haina umbo hilo, tumieni ile fonti ya matini ya habari mliyonayo tangu zamani, ambayo haina madaha lakini haijawahi kutuangusha. Yachapeni kwa weusi kamili. Na pale mnapoweka maneno meupe juu ya picha yenye giza, kumbukeni kuwa hapo wino hauufuati uzi bali unauzunguka pande zote mbili, na ukitanuka kidogo tu unaufunika kabisa; toleo la wiki iliyopita lilikuwa na dondoo ya mistari minne juu ya picha ya bahari usiku, na tuliyoyapata barazani ni maneno matatu.

Jambo la mwisho linahusu ukurasa huu huu wa barua. Majina ya waandishi na mahali wanapotoka mmeyaweka kwa mlazo, yaani herufi zilizoinama, wa fonti ile ile, tena kwa ukubwa mdogo kuliko wa maelezo ya picha. Mwezi uliopita palikuwa na barua nzuri kuhusu bei ya petroli ya boti, na chini yake tukabishana kama mwandishi anatoka Kiunga au Kinuga, kwa kuwa u na n zote zilikuwa nguzo mbili tupu; tulikubaliana ni Kiunga kwa sababu Kinuga hapana anayeijua. Barua hii ikipata nafasi, nitashukuru mtaa wangu ukiandikwa kwa herufi zile zile za mwili wa barua.

Wako katika kazi,
Mpiga chapa,
Langoni, Lamu